Usiku Mmoja Shimba, Penye Ndovu na Palahala

Ukivuka feri ya Likoni, ukaifuata barabara ya Lungalunga hadi Kombani na kukunja mkono wa kulia, gari huanza kupanda, na joto la Mombasa hubaki nyuma yako. Hata kilomita arobaini hazijatimia, umo Kwale. Mbele kidogo ndipo lango la hifadhi ya Shimba Hills. Huko ndiko tulikokwenda kulala, mimi, shemeji yangu na watoto watatu, ndani ya matatu kuukuu aliyoing'oa viti akatia godoro na jiko la mafuta.

Najua msomaji atacheka. Wageni huja na magari-nyumba yenye kitanda, meko na hata choo. Lakini nyani hawaulizi gari limetoka kiwanda gani. Chapati zetu waliziiba vilevile.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968. Baadhi ya vilima vyake vimepita mita 400 juu ya bahari, na kukiwa kweupe utaiona bahari yote ya Diani imetandazwa chini. Mchana tulishuka pamoja na askari wa hifadhi hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka kadiri ya mita 21. Bila askari usithubutu kwenda, maana ndovu aliyesimama kichakani hujui kama yupo mpaka akupepee masikio.

Magharibi tulitawadha kwa maji ya jerikeni, kwani chupa za plastiki za kutumia na kutupa zilipigwa marufuku katika hifadhi zetu tangu Juni 2020. Kibla hakikutusumbua: kutoka pwani yetu Makka iko kaskazini hasa, na wazee wetu mabaharia kaskazini wakiiita kibla.

Usiku ulipokucha, yaani ulipokolea, tukasikia mtoto akilia mtini. Shemeji akaanza Ayatul Kursi, sauti ikitetemeka. Askari alicheka hata akakaa kitako: ni komba tu, bwana.

Alfajiri tulimwona tuliyemfuata. Palahala dume, mweusi tititi, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia. Katika Kenya nzima hakuna penginepo anapoishi mwituni ila hapa. Hesabu ya wanyama ya taifa ya mwaka 2021 iliwakuta hawafiki hata mia moja. Watoto walinyamaza bila kuambiwa.

Ndovu, kwa upande wao, walizidi nafasi. Mwaka 2005 ndovu 150 walichukuliwa hapa na jirani, Mwaluganje, wakapelekwa Tsavo Mashariki, mwendo wa kilomita 160 hivi. Baadhi yao walirudi kwa miguu! Mwaluganje kwenyewe ni habari ya peke yake: wakulima wa Kiduruma na Kidigo waliacha mashamba yao yawe njia ya ndovu, na tangu 1995 wanagawana mapato ya langoni. Mpango mwema, ila watalii wakipungua mgao nao hupungua, na shamba lililoachiwa ndovu halivuni mahindi mwaka ule. Nami nikajiuliza, sisi wa Mombasa tunaokunywa maji ya chemchemi ya Marere, yatokayo vilima hivi hivi, ni wangapi tumewahi kulipa kiingilio pale?

Tulipokuwa tukiteremka tulisimama kando ya shamba moja kununua mananasi. Katikati ya mahindi palikuwa na dungu, na juu yake mzee amejifunika shuka, macho mekundu. Tukamwamkia shikamoo. Akatuuliza tumelala wapi, tukamwambia. Akatazama matatu yetu, godoro na jiko, akasema yeye naye kalala nje, na debe lake la kupiga ndovu wakija lilikuwa bado mkononi.