Simu Imekufa, Data Bado Zimo

Kwenye vibanda vya mafundi simu vya Sombetini jijini Arusha, kama ilivyo Mbauda na Ngarenaro, kuna hukumu ambayo mteja husomewa haraka: simu imekufa, na data zake zimekwenda nayo. Nusu ya kwanza ya hukumu hiyo mara nyingi ni kweli. Ya pili mara nyingi si kweli, na hata inapokuwa kweli, sababu yake siyo ile anayoidhania mteja. Kioo kupasuka, betri kuvimba, tundu la chaji kulegea, simu kudondoka kutoka kwenye bodaboda, yote hayo ni majeraha ya mwili. Kumbukumbu huuawa na mambo mengine: umeme usiokatwa mapema, data mpya kuandikwa juu ya zile za zamani, na ufunguo kupotea. Hili la mwisho limepindua kazi ya fundi kiasi kwamba kiredio cha MP3 kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa kinaweza kurudisha nyimbo zote, ilhali simu ya zaidi ya milioni inashindwa kurudisha picha moja.

Nyimbo, picha na sauti za WhatsApp hukaa ndani ya chipu nyeusi ya flashi, ndogo, isiyozidi sana ukucha. Teknolojia hiyo ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa kwenye kampuni ya Toshiba, na aina yake iitwayo NAND, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye simu na memori kadi za leo, ilitangazwa mwaka 1987. Ndani yake kuna mabilioni ya vyumba vinavyonasa elektroni. Tofauti ya chumba chenye elektroni na kisicho nazo ndiyo inayobeba wimbo. Hakuna kinachozunguka humo. iPod ya kwanza, ya mwaka 2001, ilibeba diski ya GB 5 iliyokuwa ikizunguka, na kuiangusha wakati inasoma kungeweza kuikwaruza. Flashi haina cha kukwaruzwa, wala haihitaji umeme ili ikumbuke: betri ikitolewa leo, elektroni hubaki zilipo kwa miaka.

Maji ndiyo yanayoogopwa zaidi, na ndiyo yanayoeleweka vibaya zaidi. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Kazi hiyo hufanywa na chumvi zilizoyeyuka ndani yake, na maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru hayakosi chumvi. Miamba ya volkano huyatia sodiamu, bikaboneti na floridi, floridi ileile inayoacha meno ya watu wengi wa Arumeru yakiwa na rangi ya kahawia. Betri ya simu ina volti 3.7 hivi, na kinadharia volti 1.23 tu zinatosha kuanza kuyapasua maji. Kwa hiyo simu iliyozama ikiwa imewashwa hujila yenyewe. Ukiifungua baada ya wiki utaona unga wa kijani kwenye miguu ya soketi ya betri, ukungu mweupe chini ya vifuniko vya bati, na pengine kapasita ndogo kama punje ya mchanga ambayo mguu wake mmoja umeliwa wote. Chipu ya kumbukumbu, iliyofunikwa kwa plastiki ngumu, mara nyingi iko salama katikati ya uharibifu huo.

Atasema mtu kwamba simu yake ilikaa ndani ya mchele siku mbili, na ikawaka. Naam, iliwaka. Lakini siku hizo mbili ilikuwa imezimwa, na kuzimwa ndiko kulikoiokoa. Mchele umepewa sifa ya kazi isiyo yake. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliwaambia wateja wasiutumie, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu simu. Bora kuizima papo hapo, kutoa betri kama inatoka, kutochomeka chaji "kujaribu tu", kisha bodi isuguliwe kwa spiriti na mswaki laini kabla chumvi hazijagandamana.

Adui wa pili ni kidole cha mwenye mali. Kwenye memori kadi ya kitochi au ya redio ndogo, kufuta wimbo huondoa jina lake kwenye orodha tu. Wimbo wenyewe unabaki mpaka mwingine uandikwe juu yake. Programu ya bure kama PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, haiulizi hata orodha: hupita kadi nzima ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. MP3 ina bahati ya pekee hapa. Wimbo wake umekatwa vipande vya takriban milisekunde 26, kila kipande na alama yake ya mwanzo, hivyo hata wimbo uliopotea nusu huimba nusu iliyobaki. Video ya harusi haina bahati hiyo: kwa kawaida simu huandika faharasa ya faili la MP4 pale mpigaji anapobonyeza kusimamisha, na chaji ikikata kabla ya hapo, saa nzima ya video inakuwa rundo lisilofunguka, ingawa picha zote zimo. Fundi anayejua huomba video nyingine nzima iliyopigwa na simu hiyohiyo, akaunda faharasa mpya kwa kuiga ile. Kadi zisizo na tiba ni zile feki, zinazojitangaza GB 64 huku ndani zina 8. Hapo hakuna kilichopotea, maana ziada yote haikuwahi kuandikwa.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Zamani fundi angeweza kuing'oa chipu kwa hita, akaisoma kwenye kifaa kingine, kazi ikaisha. Tangu iPhone 3GS ya mwaka 2009, na kwa upande wa Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 hadi la 10 la mwaka 2019 lililozibana simu mpya zote, hata za bei nafuu, data huandikwa kwa usimbaji, na siku hizi ufunguo hutengenezwa kwa kuunganisha neno la siri la mwenye simu na siri iliyozikwa ndani ya prosesa. Ukiing'oa chipu peke yake unapata takataka. Wapo wanaoamini kwamba wataalamu wakubwa huko Ulaya hawashindwi. Mwaka 2016 Sergei Skorobogatov wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliifungua iPhone 5c kwa kunakili chipu yake tena na tena ili kukwepa kikomo cha kukosea tarakimu. Kazi ya kupigiwa mfano. Ila hata yeye alihitaji prosesa ya simu ileile ikiwa hai.

Kwa hiyo fundi wa leo hatafuti chipu, anatafuta saa moja ya uhai wa bodi. Anaunganisha pawa saplai badala ya betri, anapaka spiriti juu ya bodi, anaingiza umeme kidogo na kutazama: pale spiriti inapokauka kwanza ndipo penye shoti. Mara nyingi ni kapasita moja. Akiiondoa, akaazima kioo cha simu nyingine ya aina hiyohiyo, bodi inawaka na data zinanakiliwa. Anayeanza kwa kuiflashi, yaani kuiwekea programu upya, simu iliyogoma kuwaka anaweza kufuta ufunguo kwa mkono wake, na baada ya hapo hakuna wa kumlaumu.

Kuna pingamizi jingine: nyimbo si zinapakuliwa tena? Za kununua, ndiyo. Lakini Arusha ni jiji lililoyatoa makundi ya hip hop ya X Plastaz na Nako 2 Nako, na simu nyingi humo zina mistari iliyorekodiwa usiku chumbani ambayo haipo kokote kwingine. Kuhifadhi mtandaoni? Kwa mwenye GB 30 na bando la wiki, hilo ni jibu la watu wenye waifai. Flashi ya pili kabatini ni nafuu zaidi.

Wengine watasema basi usimbaji ni mzigo kwa mwananchi, uondolewe. Sikubali. Simu zinazoibwa ni nyingi, na kila moja hubeba picha za familia na jumbe za miamala ya pesa. Bila usimbaji, mwizi mwenye hita angekuwa fundi pia. Gharama yake ni kwamba fundi hawezi kuokoa data bila neno la siri, na hapo ndipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inapoingia kibandani. Mwenye simu awepo, aliandike neno hilo mwenyewe bodi inapowaka, na kunakili kufanyike mbele yake. Namba ya siri ya M-Pesa haihusiki kabisa. Hakuna bodi inayoihitaji ili iwake.