Leseni ya rubani wa kibinafsi haitoshi kumpa kijana kazi

Mzazi anayekusudia kuuza kipande cha shamba ili mwanawe asomee urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, yafaa afahamu jambo moja mapema. Leseni ya kwanza atakayoipata kijana huyo haitamruhusu kulipwa hata senti moja kwa kuendesha ndege.

Hiyo ni leseni ya rubani wa kibinafsi. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hupewa aliyetimiza umri wa miaka 17 na kuruka kwa saa zisizopungua 40, au 35 iwapo amefuata mafunzo yaliyoidhinishwa. Anaweza kubeba jamaa na marafiki, ila si kwa malipo.

Anayetaka kuajiriwa hana budi kutafuta leseni ya kibiashara. Hapa umri ni miaka 18, nazo saa hupanda hadi 200, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa.

Saa hizo hazirundikwi ovyo. Kati ya zile 200, sharti 100 awe yeye ndiye nahodha. Miongoni mwa hizo, 20 ni za safari za masafa, ikiwemo moja isiyopungua kilomita 540 ambapo atatua katika viwanja viwili tofauti. Umbali huo wazidi ule wa angani baina ya Nairobi na Mombasa. Nia ni kumzoesha kukata shauri mwenyewe kuhusu mafuta, njia na hali ya hewa.

Aidha, hufunzwa kwa saa 10 kuongoza ndege kwa kutegemea vyombo pekee, kwani ndani ya wingu hisia za mwili humdanganya rubani. Kisha hukabili mitihani ya nadharia na jaribio la angani chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA.

Hata hivyo, kikwazo ambacho wengi hukisahau ni afya. Leseni ya kibinafsi huhitaji cheti cha daraja la pili, ilhali ya kibiashara hudai cha daraja la kwanza, ambacho masharti yake ni makali zaidi.

Kwa hivyo, ni busara kijana apimwe kwa daraja la kwanza kabla ya karo kulipwa. Shamba likishauzwa, halirudi.