Upanga wa mwanga: kichezeo au nakala ya kuhifadhi?

Upanga wa mwanga ni silaha ya kubuni: mpini wenye kutoa mwale wa rangi badala ya makali. Ulionekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Star Wars mwaka 1977, na mpini wa mhusika Luke Skywalker ulitokana na kishikio cha taa ya kamera ya zamani ya Graflex. Mwaka uliofuata kampuni ya Kenner ilikuwa ikiuza upanga wa kujaza upepo kwa watoto. Baadaye haki za vichezeo hivyo zilifika kampuni ya Hasbro, na mwaka 2012 Disney iliinunua Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza filamu hizo, kwa takriban dola bilioni 4.

Bidhaa zilizopo sokoni leo ni za aina mbili. Kichezeo ni cha plastiki. Mwale wake huwa na vipande vinavyoingiana kama antena ya redio, mpini una taa na sauti chache, na betri zake hubadilishwa. Nakala ya kuhifadhi huwa na mpini wa aluminiamu, mrija wa polikaboneti, spika, kihisi cha mwendo na mara nyingi betri ya kuchaji. Mifano ya Force FX Elite ya Hasbro huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 200.

Nakala zenyewe hazifanani. Zile zenye safu ya taa ndani ya mrija mzima huwaka kwa kupanda kutoka chini hadi ncha, jambo linalopendeza machoni, lakini migongano mingi huharibu taa hizo. Zenye taa moja yenye nguvu ndani ya mpini hazivutii sana, ila huhimili kugonganishwa. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa mwaka 2019 Shirikisho la Vitara la Ufaransa lilitambua pambano la panga za mwanga kuwa mchezo. Mnunuzi wa kupamba kabati na mnunuzi wa kupigana hawanunui kitu kimoja.

Gharama hubadilika zaidi mzigo ukivuka mpaka. Vichezeo vinavyoingia Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha Tanzania huongeza VAT ya asilimia 18 juu ya thamani na ushuru. Kitu cha dola 100 hufika dola 147.5 kabla ya tozo nyingine na faida ya muuzaji. Kwa hesabu hiyohiyo, nakala ya dola 250 hukaribia dola 369.

Mfano wa soko dogo ni Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi: hutegemea kilimo, hasa cha tumbaku, na asali ya misitu ya miombo, na fedha huja kwa msimu. Muuzaji wa duka la huko anayenunua jumla Kariakoo, Dar es Salaam, hulipia pia safari ndefu ya kupitia Tabora. Nakala moja ya gharama huufunga mtaji ambao ungezungushwa kwa vichezeo vingi, na vichezeo huwa na wakati wake wa kuuzika, Idd na Krismasi. Nakala inafaa kuletwa kwa oda tu, mteja akiwa amelipa kianzio.

Bei ya chini isiwe kisingizio cha bidhaa feki. Nchini Tanzania, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani huzikamata na kuziteketeza. Upanga wa taa usiotumia jina wala nembo ya filamu ni salama zaidi kwa muuzaji kuliko ule wenye jina la kughushi. Usalama wa mtoto nao ukaguliwe: kifuniko cha betri ndogo za duara kifungwe kwa skrubu, kwani zikimezwa huunguza koo.

Katika soko dogo, basi, kichezeo huwekwa rafuni. Nakala hubaki kwenye daftari la oda.