Kuchemsha Maji Hakuondoi Sumu ya Machimbo

Je, kuna lundo la kifusi cha machimbo karibu na laga unakochota maji? Katika sehemu kadhaa za Turkana watu huchimba dhahabu kwa mikono. Iwapo unaishi Kaikor, au kwingineko ambako maji hutoka visima vya mchangani, soma haya.

Kifusi cha dhahabu chaweza kuwa na arseniki au risasi iliyokuwa mwambani, pamoja na zebaki iliyotumiwa kunasa dhahabu. Mvua kubwa ikinyesha, maji huliburuta tope hilo hadi lagani. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu, lakini sumu hizi hubaki. Zebaki na risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata akiwa tumboni. Arseniki ikinywewa kwa miaka mingi huleta madoa ya ngozi na saratani.

Nchini Uganda, mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yaliachwa kandokando ya mto Nyamwamba. Miongo kadhaa baada ya uchimbaji kusimama, mafuriko ya 2013 na 2020 yaliyasomba kuelekea bondeni.

Kinga ni mifereji, na kanuni yake ni moja: maji safi yasikutane na kifusi.

Kwanza, chimbeni mfereji upande wa juu wa lundo, uyapokee maji ya mlimani na kuyapitisha kando. Udongo uwekwe upande wa chini uwe tuta. Mteremko uwe kama mita 1 kwa kila mita 100: ukizidi, maji hula udongo, ukipungua mno, tope huziba. Penye mteremko mkali pangeni mawe.

Pili, chini ya lundo chimbeni mfereji wa kupeleka maji machafu kwenye shimo lililosiribwa kwa udongo wa mfinyanzi, mbali na laga, tope litulie humo. Lizungushieni miba ili mbuzi wasinywe.

Upana upimwe kwa mvua kubwa wanayoikumbuka wazee, si kwa manyunyu. Zibueni mifereji kabla ya akiporo, na tena baada ya kila mvua kubwa.

Mfereji hausafishi kisima kilichokwisha kuchafuka. Mwombeni afisa wa afya ya umma maji yapimwe. Ukitetemeka mikono au ukisahausahau, nenda zahanati, na usikose kumwambia daktari kwamba unachimba dhahabu. Pengine hatakuuliza.