Kijana Mkristo wa Lubumbashi na Haja ya Kusikilizwa

Katika makanisa ya Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga, vijana wa umri wa miaka 12 hadi 18, yaani wale waliokwisha kuuacha utoto lakini hawajahesabiwa bado miongoni mwa watu wazima, ndio wanaoonekana zaidi siku ya Jumapili na ndio wanaosikilizwa kidogo zaidi siku nyingine za juma. Kutoka Kamalondo na Kenya hadi Katuba, Ruashi na Kampemba, wao ndio wanaoimba katika kwaya, wanaobeba vyombo vya muziki, wanaopanga viti na kupokea wageni mlangoni, na katika parokia za Kikatoliki ndio wanaocheza kuzunguka altare wakati wa wimbo wa Utukufu, kwa kufuata utaratibu wa Misa ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Kikatoliki ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Hata hivyo, linapomjia mmoja wao swali juu ya sala isiyojibiwa, juu ya mwili wake unaobadilika, juu ya kifo cha mzazi au juu ya haki ya Mungu katika mji wenye shaba nyingi na familia nyingi zinazolala na njaa, mara nyingi hakuna mtu mzima wa kanisani ambaye anaweza kumwuliza pasipo hofu. Katika kukosa huko mtu wa kumwuliza, kuliko katika uvivu au ulimwengu unaolaumiwa kila siku mimbarani, ndiko yanakoanzia manung'uniko mengi ya vijana juu ya maisha ya kanisa.

Desturi ya kumpa kijana nafasi ya kuimba ni ya zamani sana katika eneo la Katanga, na imezaa matunda ambayo hakuna haki ya kuyadharau. Wakati mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, mtunzi Joseph Kiwele alitunga Misa ya Katanga iliyounganisha ibada ya Kilatini na milio ya Kiafrika, na huko Kamina padri Mfransisko Guido Haazen alikusanya wanafunzi na walimu wao katika kwaya iliyorekodi Missa Luba mwaka 1958, kazi iliyosikika kote duniani. Wavulana wale walithibitisha kwamba imani iliyoletwa na wageni ingeweza kusemwa kwa sauti ya wenyeji, lakini kuimba imani na kuielewa ni mambo mawili, na kwaya, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kufanya kazi ya mlezi.

Malezi yenyewe yalikuwa yamekabidhiwa shule. Wasalesiani wa Don Bosco, shirika la watawa lililoanzishwa kwa ajili ya vijana, walifika Élisabethville mwaka 1911, na Wamethodisti walijenga kituo chao kikubwa cha elimu Mulungwishi, kaskazini-magharibi mwa mji. Mpango huo wa kutegemea shule ulivurugwa na utawala wa Rais Mobutu. Mwaka 1972 serikali ilipiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa ili vijana wote wawe chini ya tawi la vijana la MPR, chama pekee cha siasa, ikadai tawi hilo lifunguliwe hata ndani ya seminari, na mwishoni mwa mwaka 1974 ikazitwaa shule za makanisa na kuyaondoa mafundisho ya dini darasani. Makubaliano ya mwaka 1977 yaliyarudishia makanisa usimamizi wa shule, lakini yalizirudisha katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa umekwisha kuporomoka, na kwa mwalimu asiyelipwa ipasavyo, ni vigumu kudai awe pia baba wa kiroho wa wanafunzi hamsini.

Ni katika miaka hiyo migumu ya 1970 ambapo padri Ignace Matondo, aliyekuja kuwa askofu baadaye, alianzisha Kinshasa kundi la Bilenge ya Mwinda, jina la Kilingala lenye maana ya vijana wa nuru. Alichofanya kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwani aliurudia mfano wa malezi ya jando ya Kiafrika, ambapo kijana hupita hatua kwa hatua akiongozwa na waliomtangulia, akaujaza Injili. Kundi hilo lilienea hadi nje ya Kinshasa, na uhai wake mrefu unaonyesha kwamba kijana wa Kongo hakimbii mafundisho mazito. Anachokimbia ni mafundisho yasiyomjua yeye ni nani.

Katanga ilikuwa na hazina yake yenyewe ya namna hiyo. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichapishwa Élisabethville mwaka 1945, alianza huko Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi, mwendo wa kiroho ulioitwa Jamaa. Ndani yake, mafundisho, kama walivyoyaita wenyewe kwa Kiswahili, yalikuwa mazungumzo ya polepole: wanandoa walikwenda kwa wanandoa waliotangulia, wakaulizwa juu ya uzima, uzazi na mapendo, wakarudi nyumbani kutafakari kabla ya kupiga hatua nyingine. Jamaa baadaye ilipatwa na mafarakano na maaskofu, na historia hiyo haipaswi kupambwa, lakini ilikuwa imegundua jambo moja la kweli, yaani kwamba imani hukomaa mbele ya mtu anayeuliza na kungoja jibu. Ila ilikuwa njia ya watu waliooana. Watoto wao waliokuwa wakibalehe walibaki na katekisimo, kitabu cha maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa.

Hali ya leo inabeba alama za historia hiyo. Katika parokia nyingi mafundisho ya kudumu humalizika siku ya Kipaimara, sakramenti inayompa mbatizwa nguvu ya Roho Mtakatifu, ambayo wengi huipokea wakiwa na umri ule ule ambao maswali yao yanaanza kuwa mazito. Anayebaki kanisani baada ya hapo huelekezwa kwenye chama cha vijana, na kwa sababu katika jamii ya Kongo mtu huitwa kijana hadi anapooa na kujitegemea, msichana wa miaka 14 hujikuta akikaa chini ya viongozi wa miaka 30 ambao mahangaiko yao ni kazi na mahari, naye hana la kusema. Michango ya sare za kwaya nayo humwondoa kimyakimya yule ambaye wazazi wake hawana fedha, na hili ni kosa linaloweza kurekebishwa ndani ya juma moja na kiongozi yeyote mwenye huruma.

Lililo zito kuliko yote ni hofu. Katika vyumba vya maombi vilivyoongezeka tangu miaka ya 1990, na hata katika makanisa ya zamani yanayoogopa kupoteza waumini wao, kijana mkaidi, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani au aliyefiwa na wazazi anaweza kutajwa kuwa mchawi kwa kinywa cha mtu anayejiita nabii, akalazimishwa kufunga chakula, akapigwa kwa jina la ukombozi au kufukuzwa nyumbani. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inayomlinda kila mtu aliye chini ya miaka 18, inaitaja tuhuma ya uchawi dhidi ya mtoto kuwa kosa la jinai katika kifungu chake cha 160, na kila mchungaji, katekista na mzee wa kanisa anapaswa kuijua. Baadhi ya vijana wanaopokewa katika nyumba za Wasalesiani mjini Lubumbashi, kama vile Bakanja, wamepitia njia hiyo. Kijana aliyeona rafiki yake akifanyiwa hayo hujifunza somo ambalo hakuna mahubiri yatakayolifuta kwa urahisi: kwamba kusema ndoto yake, shaka yake au ugonjwa wake mbele ya watu wa Mungu ni hatari.

Vijana hao hao wana kiu ya mfano wa kuigwa. Papa Fransisko alipokutana na vijana na makatekista katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwapa mambo matano yanayohesabika kwa vidole vya mkono, yaani sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na utumishi, na katika uaminifu akamtaja Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26 kwa sababu alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika mpakani. Bwana Chui alitangazwa mwenye heri Juni 2025. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi anayeona alama za mtihani zikinunuliwa, ushuhuda huo unagusa maisha yake kuliko hotuba ndefu juu ya urefu wa sketi.

Kinachohitajika kinaitwa usindikizaji wa kiroho, yaani mtu mzima kutembea na kijana kwa muda mrefu akimsikiliza, akimfundisha na kumwacha aamue yeye mwenyewe mbele ya dhamiri yake. Hauhitaji jengo wala vyombo vya muziki. Unahitaji vikundi vidogo vya watu wa umri mmoja, lugha ile ile wanayoizungumza nyumbani na shuleni, na walezi waliochaguliwa kwa uvumilivu wao badala ya ufasaha wao mimbarani. Unahitaji pia ulinzi, na hapa wachungaji wasione aibu kuwa wakali: mazungumzo na kijana yafanyike mahali panapoonekana na wengine, msichana asiitwe peke yake kwenye maombi ya usiku, mlezi ajulikane na wazazi na aweze kuondolewa, na kijana aambiwe tangu siku ya kwanza ni nani mwingine anayeweza kumwendea iwapo mlezi wake mwenyewe ndiye atakayemdhuru.