Mukombero: Mmea wa Msituni Ufaao Kupandwa Shambani

Wenyeji wa Kakamega hawana haja ya kuelezwa mukombero ni nini. Lakini wasomaji wa mbali huenda wameutafuna mzizi wake tu, ule uuzwao kwa mafungu barabarani, wala hawajapata kuuona mmea wenyewe. Wajaluo huuita ogombo na Waganda mulondo. Jina lake la kitaalamu ni Mondia whitei.

Ni mmea utambaao. Hauwezi kusimama peke yake, bali hujisokota mitini hata ufike penye jua. Majani yake ni mapana, yenye umbo la moyo, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Ukilikata jani hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni ya zambarau iliyokaribia wekundu. Matunda yakikauka hupasuka, na mbegu zenye nywele laini kama hariri hupeperushwa na upepo. Ukoo wake ni mmoja na waridi la jangwani, lile lenye shina nene lihifadhilo maji, ambalo watu hulipanda vyunguni kwa urembo. Jamaa huyo, hata hivyo, asitafunwe kamwe: utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa zamani waliupaka mishaleni.

Mzizi wa mukombero hunukia kama vanila, na wengi husema huleta hamu ya chakula. Ziko pia sifa zinazonong'onwa na wanaume. Wataalamu wamezijaribu kwa panya, lakini panya si mtu.

Taabu ni kwamba kinachouzwa ni mzizi. Achumaye majani huuacha mmea hai, bali aung'oaye mzizi wote ameuua, pengine kabla haujatoa mbegu. Ndiyo sababu mukombero umekuwa haba katika Msitu wa Kakamega, ingawa sehemu ya kaskazini ya msitu huo ni hifadhi ya taifa tangu 1985.

Katika miaka ya 2000 taasisi ya utafiti ya icipe ilishirikiana na wakulima wa kando ya msitu kuupanda mashambani. Kazi yenyewe si ngumu. Mbegu mbichi huoteshwa kitaluni penye kivuli, kisha miche huhamishiwa kwenye udongo laini wenye mboji, karibu na mti au mti wa kuegemea. Wakati wa kuvuna, fukua upande mmoja tu, ukate mizizi ya pembeni, uache ule mkuu, kisha urudishe udongo.