Ukungu Ulijulikana, Tangi Ndilo Lililokosekana

Historia ya penisilini husimuliwa kwa namna moja karibu kila mahali. Mwaka 1928, katika Hospitali ya St Mary's jijini London, Alexander Fleming alikuta ukungu umeota kwenye kisahani cha bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nao wamekufa. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanakatika kabla kazi ngumu haijaanza. Februari 1941, zaidi ya miaka 12 baadaye, madaktari wa Oxford walimdunga penisilini askari polisi aliyekuwa akifa kwa maambukizi. Homa ilishuka, akaanza kula. Kisha dawa ikaisha, ingawa walifikia hatua ya kuichuja tena kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie, na mwezi Machi akafariki. Wakati huo ukungu ulikwishajulikana, na nguvu ya dawa ilikwishathibitishwa kwa panya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyejua jinsi ya kuukuza ukungu huo kwa wingi. Nashikilia kwamba dawa itokanayo na vijiumbe huzaliwa siku inapopatikana njia ya kuvilea kwa wingi na kwa uhakika, si siku inapogunduliwa. Kazi hiyo ya kulea ni ya mhandisi wa kibaiokemia, na sisi tunaotegemea dawa za wengine tumeipa heshima ndogo mno.

Ugumu wenyewe si mdogo. Ukungu wa Fleming ulipenda kuelea juu ya kioevu, ukipumua hewa. Kwa hiyo Norman Heatley, mwanabiokemia wa Oxford, alilazimika kuukuza katika mamia ya vyombo bapa vya kauri, na kabla ya hapo hata katika vyombo vya kujisaidia wagonjwa vitandani. Lita moja ya kioevu hicho, yaani mchuzi, ilitoa kama miligramu moja tu ya penisilini. Suluhisho lililo wazi ni kuuzamisha ukungu ndani ya tangi kubwa ili ukue katika kina chote, lakini hapo ndipo matatizo yanapoanza. Maji ya vuguvugu hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Ukungu uliosongamana huweza kuimaliza hiyo kwa muda usiofika dakika moja, kwa hiyo hewa iliyochujwa lazima ipulizwe mfululizo, usiku na mchana, na mapanga yazunguke kuisambaza. Nyuzi za ukungu zikishaongezeka, mchuzi huwa mzito kama uji, na viputo vya hewa vinakataa kupita. Ukikoroga kwa nguvu zaidi, nyuzi hukatika na povu hufurika. Tena vijiumbe vinavyokua hutoa joto. Ukiongeza vipimo vyote vya tangi mara 10, ujazo wake huongezeka mara 1,000 ilhali eneo la kuta zake huongezeka mara 100 tu, na joto lililokuwa likitoka lenyewe kwenye chupa ya maabara sasa linabaki ndani na kuua kilichomo. Juu ya hayo, bakteria wachache wa nje wakipenya kwenye valvu moja iliyolegea wanaweza kuizalisha kemikali inayoivunja penisilini, na kazi ya siku kadhaa ikamwagwa. Ndiyo maana si sahihi kudhani kwamba kiwanda ni maabara iliyopanuliwa. Kila ukubwa una matatizo yake mapya.

Chakula nacho ni sehemu ya uhandisi huo. Katikati ya mwaka 1941 Heatley na kiongozi wake, Howard Florey, walivuka bahari hadi maabara ya kilimo ya serikali ya Marekani iliyoko Peoria, Illinois, katika nchi ya mahindi. Huko Andrew Moyer alijaribu kuulisha ukungu maji yaliyolowekewa mahindi, masalia ya viwanda vya wanga yaliyokuwa yakitafutiwa matumizi, na mavuno yakaongezeka maradufu mara kadhaa. Aliongeza pia laktosi, sukari ya maziwa. Sababu yake inafundisha mengi: ukungu unaopewa glukosi tele hunenepa bila kutengeneza penisilini, lakini sukari inayomeng'enywa polepole huuweka katika hali ya uhaba wa wastani, na katika hali hiyo ndipo dawa hutoka. Viwanda vya baadaye vilirudi kwenye glukosi iliyo rahisi, vikiidondosha kidogo kidogo kwa kipimo. Kuboresha mchakato wa vijiumbe kwa sehemu kubwa ni kazi ya namna hiyo, kutafuta ni nini kitolewe, lini, na kwa kasi gani.

Mwanabiolojia atapinga hapa, na ana haki. Atasema ushindi uliletwa na ukungu bora, si na tangi. Mwaka 1943 tikiti lililooza kutoka soko la Peoria lilikutwa na aina ya ukungu yenye mavuno makubwa kuliko zilizotangulia. Watafiti wakaipiga eksirei, kisha miale ya urujuanimno, na kila mara wakachagua vizazi vilivyozidi wazazi wao. Hilo ni kweli. Lakini tuulize walichagua kwa kigezo gani. Walitafuta ukungu unaostawi ukiwa umezamishwa na kukorogwa, yaani unaoyaweza maisha ya tangini. Ukungu wa Fleming, uliokuwa wa thamani kubwa katika kisahani, haukuyaweza. Mbegu na shamba vilitengenezwa pamoja, na mtu anayekisifu kimoja bila kingine anaigawa kazi ambayo wenyewe hawakuigawa.

Pingamizi la pili ni la fedha na vita: serikali yenye hofu ya kupoteza askari ingefanikisha lolote. Jibu liko Uingereza, iliyokuwa katika vita hiyohiyo, ikiwa na dawa hiyohiyo na ari ileile. Kwa sehemu kubwa ya vita viwanda vyake viliendelea kukuza ukungu juu ya uso wa kioevu katika maelfu ya chupa, zikijazwa na kusafishwa moja moja. Kule Brooklyn, New York, kampuni ya Pfizer ilinunua kiwanda kikuukuu cha barafu na kukigeuza. Machi 1944 kilifunguliwa kikiwa na matangi 14, kila moja la takriban lita 28,000. Mhandisi wa kemia Margaret Hutchinson Rousseau, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika fani hiyo kwenye chuo cha MIT, mwaka 1937, alikuwa miongoni mwa wasanifu wa viwanda vya namna hiyo. Mwaka 1943 Marekani ilizalisha uniti bilioni 21 za penisilini. Mwaka 1945 zilikuwa trilioni 6.8. Fedha zilihitajika, bila shaka, ila fedha zilizotiwa kwenye chupa hazikuleta kilicholetwa na fedha zilizotiwa kwenye tangi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 ilikwenda kwa Fleming, Florey na Ernst Chain. Walistahili. Waliosanifu matangi hawakutajwa, na nadhani mazoea yetu ya kuwasahau yalianzia hapo.

Pingamizi zito kuliko yote linatugusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Artemisinini, msingi wa dawa mseto ya malaria, hutolewa kwenye mmea wa artemisia, unaolimwa pia Kenya, Tanzania na Uganda. Watafiti wa California waliipandikizia hamira jeni za mmea huo ili itengeneze asidi inayogeuzwa kuwa artemisinini. Mwaka 2006 walipata hadi miligramu 100 kwa lita, na kufikia 2013 walitangaza gramu 25, baada ya kuboresha hamira yenyewe, namna ya kuilisha, na kuelekeza zao kwenye tabaka la mafuta ndani ya tangi. Kampuni ya Sanofi ikaanza uzalishaji Garessio, Italia. Hata hivyo bei ya artemisinini ya shambani ilishuka chini ya dola 250 kwa kilo, wakati ya tangini ilihitaji dola 350 hadi 400 ili isiuzwe kwa hasara, na mitambo ikasimama. Je, uhandisi haukushindwa? Kwa maoni yangu haukushindwa kulea kijiumbe. Ulishindwa na mkulima aliyeuza kwa bei nafuu, na huyo naye ana haki ya kuishi. Tunachopaswa kukubali ni kwamba bei ya sukari, ya umeme na ya mshindani shambani zinaingia katika hesabu tangu mwanzo, sawasawa na oksijeni na joto. Anayeziacha hajamaliza kusanifu.

Turudi kwa penisilini, maana haijaacha kutufundisha. Aina yake ya benzathini, inayodungwa kila baada ya wiki tatu au nne, huwakinga watoto waliopata homa ya baridi yabisi wasizidi kuharibika valvu za moyo, na ndiyo tiba ya kaswende kwa mama mjamzito. Haina hataza, ni ya bei nafuu, na ukungu wake umeelezwa vitabuni kwa miongo mingi. Hata hivyo mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitambua kwamba dawa hiyo ilikuwa imeadimika kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kiambato chake kilitoka katika viwanda vichache mno, hasa vya China. Siri yote ilikuwa hadharani, na bado zahanati zilikosa. Nchi yetu ikitaka kuingia katika kazi hii, naona ni heri ianze na matangi ya lita mia chache katika vyuo vikuu, ambamo wanafunzi watapoteza mchuzi mara nyingi kabla ya kuujua, na mafundi watakaozijua valvu na vichujio vya hewa kwa mikono yao. Umeme wa akiba lazima uwepo kabla ya tangi la kwanza kuwashwa, kwa sababu ukungu uliosongamana hauwezi kungoja: pampu ya hewa ikisimama, oksijeni iliyomo kwenye mchuzi huisha kabla fundi hajafika kwenye jenereta.